MRI ya ini yenye dawa: piga mara moja itoke, usirudi kulipa tena

Nafanya kazi chumba cha MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) hapa Kampala na karibu kila wiki naona kitu kilekile. Mtu anaingia na kaveera (mfuko wa plastiki) mkononi, ndani kuna filamu zimekunjwa na ripoti iliyoandikwa LR-NC. Hiyo maana yake picha haikukamilika au haisomeki, kwa hiyo daktari hawezi kusema kama ni saratani ya ini au sio. Ameshalipa, pengine nyumbani wameuza ng'ombe, na sasa anaambiwa alipe tena.

Mara nyingi mashine haikuwa na kosa lolote. Mambo yaliharibika kabla hajapanda kitandani, au yaliharibika ndani ya sekunde kama 20 hivi ambazo hakuna mtu aliyemwambia kwamba ndizo alizolipia. Mwongozo huu ni wa mgonjwa na anayemsindikiza. Vijana wenzangu wa radiolojia, hatua ya 6 na ya 7 ni zenu, msiziruke.

Tunatafuta nini kwenye picha

Ini linalishwa na mishipa miwili. Karibu robo tatu ya damu inakuja na vena ya lango kutoka kwenye utumbo, robo iliyobaki inaletwa na ateri. Sasa uvimbe wa saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe una tabia ya kujitengenezea mishipa yake na kunyonya damu kwenye ateri.

Basi tukichoma dawa ya kontrasti mkononi, ikifika tu kwenye ateri uvimbe unawaka kabla ini halijang'aa. Dakika moja hivi baadaye ini linapata dawa kupitia vena ya lango, linang'aa lote, na uvimbe tayari unafifia, unaonekana mweusi kuliko ini linalouzunguka. Kuwaka mapema halafu kufifia. Ukiikosa ile picha ya kuwaka hakuna namna ya kuirudisha, maana dawa ikishasambaa mwilini imesambaa.

Kwa mtu mzima mwenye hepatitisi B sugu au sirosisi (ini lililojaa makovu), alama hizo mbili zikionekana sawasawa daktari anaweza kuthibitisha saratani ya ini bila kuchoma sindano ya biopsi, ile ya kutoa kipande kidogo cha ini kikapimwe. Ndio maana picha hii ina thamani sana kwetu Uganda ambako hepatitisi B ipo kwa wingi, na inawapata vijana wa miaka 30 na kitu ambao ini lao hata sirosisi halina.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Barua ya daktari iliyoandika wazi "MRI ya ini yenye kontrasti, awamu zote" (awamu ni picha za nyakati tofauti dawa inapopita kwenye ini), pamoja na sababu yake
- Majibu mapya ya kriatinini, kipimo cha damu cha figo (mengi tunakubali ya wiki chache, mgonjwa wa figo tunataka ya juzi juzi)
- Majibu ya hepatitisi B na C, AFP (kipimo cha damu ambacho saratani ya ini mara nyingi hukipandisha), na bilirubini (kipimo cha manjano) kama ilipimwa
- Picha zote za zamani, altrasaundi, siti skani, MRI, na sidii zake, sio ripoti peke yake
- Orodha ya dawa unazokunywa na mzio wowote uliowahi kuupata
- Uzito wako wa kweli kwa kilo, kwa sababu dawa inapimwa kwa uzito
- Mtu wa kukusindikiza anayejua lugha unayoisikia vizuri. Usicheke, utaona kwa nini

Hatua ya 1: Hakikisha umeandikiwa picha sahihi

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Barua inasema "MRI ya tumbo" basi, kituo kinapiga ya bei nafuu bila dawa, mgonjwa anafurahi ameokoa hela. Picha bila dawa inaonyesha kwamba kuna kitu, lakini kwenye uvimbe wa ini haikuambii ni kitu gani. Ni kama kumwona mtu kwa mbali usiku, unajua kuna mtu, humjui ni nani.

Piga simu kituoni kabla hujapanda basi na uulize maswali matatu: mnachoma kontrasti? Mnapiga awamu ya ateri, ya vena na ya mwisho? Mtanipa sidii? Wakijibu "tutaona ukija", tafuta kwingine.

*Umefaulu kama:* barua ina neno kontrasti, na kituo kimekubali kwa mdomo awamu zote tatu baada ya picha ya kabla ya dawa.

Hatua ya 2: Figo kwanza

Dawa tunayochoma ina gadoliniamu, na kwa dawa za kawaida njia yake ya kutoka ni figo. Figo zikiwa zimechoka sana (kipimo cha uchujaji chini ya 30) inakaa mwilini muda mrefu, na dawa za kizamani ziliwahi kuleta ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa kwa watu wa namna hiyo. Dawa mpya zenye umbo la duara hatari yake ni ndogo sana, lakini lazima tujue mapema tuchague ipi. Kama unasafishwa damu kwa mashine, panga MRI iwe kabla ya zamu yako ya kusafishwa.

Mjamzito, sema. Kwa kawaida hatuchomi gadoliniamu mimba ikiwepo isipokuwa hakuna njia nyingine. Mama anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha, kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno.

Na hii si dawa ya siti skani. Mtu aliyewahi kuwashwa na ile ya ayodini anaweza asiwashwe na hii, ila atuambie tu.

Hatua ya 3: Chuma mwilini, na hapa naomba ukweli

Mashine ni sumaku kubwa na haizimwi usiku. Kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, klipu ya mshipa wa ubongo, chuma kwenye jicho kwa mtu anayechomelea geti, vyote vinaweza kuleta maafa. Kuna vifaa vya kisasa vinavyoruhusiwa, lete kadi yake tuisome.

Lakini kwetu kuna jambo ambalo fomu za wazungu hazilikazii: risasi na vipande vya bomu. Wazee kutoka kaskazini na West Nile, na askari wastaafu, wengi wamebeba kipande tangu vita na hawasemi, wengine wamesahau, wengine wanaona aibu. Mficha uchi hazai. Sema, tutakupiga eksirei kwanza tuone kilipo. Mara nyingi tunaendelea vizuri tu, ila tunaendelea tukijua.

Akina mama, shanga za kiuno mnavua, hata kama ni za kioo, kwa sababu uzi au kifungo kinaweza kuwa na chuma na zinakaa palepale karibu na ini. Wigi yenye klipu, sidiria ya waya, hirizi yenye kibati, vyote nje. Simu na pesa za sarafu mwachie msindikizaji.

*Umefaulu kama:* mwenye mashine amekuuliza maswali haya mwenyewe na wewe hujabakiza hata moja.

Hatua ya 4: Njaa na maji ya tumboni

Usile masaa 4 hadi 6 kabla. Tumbo lililojaa linasukuma ini, utumbo unahangaika na picha inachafuka, tena ukitapika umelala chali ni hatari. Mtu anashuka basi la usiku kutoka Arua, anakula rolex mbili (chapati zilizoviringishwa na mayai) pale stendi halafu anakuja kwangu saa tatu asubuhi! Namrudisha nje akae hadi mchana. Maji kidogo ya kumezea vidonge vya presha yanaruhusiwa. Mwenye kisukari anayejichoma insulini aongee na daktari wake kwanza, asifunge kichwa kichwa.

Kama tumbo limejaa maji, yaani limevimba kama ngoma, mwombe daktari ayapunguze kabla ya siku ya picha. Maji mengi yanatia kivuli kwenye picha, hasa kwenye mashine zenye sumaku kali za 3 Tesla, na mgonjwa hawezi kulala chali akashika pumzi. Hii watu hawaambiwi kabisa, sijui kwa nini.

Hatua ya 5: Mazoezi ya pumzi, hapa ndipo hela inapopotea au kupona

Ini limening'inia chini ya kiwambo cha kupumulia. Ukivuta pumzi linashuka, ukitoa linapanda, sentimita kadhaa. Tukikupiga huku linacheza, kinundu (uvimbe mdogo) cha sentimita moja kinageuka ukungu. Kwa hiyo kwa kila picha muhimu tunakuomba ushike pumzi sekunde 15 hadi 20.

Sekunde 20 zinaonekana chache ukiwa umekaa. Ndani ya lile tundu, umefungwa koili (kifaa cha kunasa picha) kifuani, mashine inagonga ga-ga-ga-ga, dawa imeingia mkononi ina baridi, ni ndefu jamani.

Anza nyumbani siku tatu kabla. Lala chali, vuta taratibu, toa taratibu, halafu shika pale ulipomaliza kutoa. Sio baada ya kuvuta! Ukivuta na kushika, kila mara unavuta kiasi tofauti na ini linakaa mahali tofauti, lakini ukitoa linarudi karibu palepale. Msindikizaji ahesabu hadi 20. Rudia mara tano asubuhi na mara tano jioni. Ukiishia 12, tuambie tufupishe picha, hilo linawezekana na sio aibu.

Sasa suala la lugha. Kuna mzee mmoja kutoka Koboko, mtu mzima wa heshima, alipigwa kituo kimoja ambacho sitakitaja. Maelekezo yalikuja kwenye hedifoni kwa Kiingereza, yamerekodiwa, sauti ya mzungu. Yeye anasikia Kikakwa na Kiswahili. Aliposikia ile sauti akadhani anasalimiwa, akawa anaitika. Awamu ya ateri yote ikaharibika akiitika kwa adabu. Nilipompiga mimi tulikaa naye benchi dakika kumi, "Mzee, nikisema vuta, unavuta. Nikisema toa, unatoa. Nikisema shika, hakuna kupumua mpaka niseme pumua." Tukarudia mara sita. Picha zilitoka kama za kitabuni.

Kwa hiyo mwambie musawo (mhudumu wa afya) lugha yako kabla hujalala. Kama haijui, mkubaliane maneno manne tu. Akikataa kukuzoesha kabla ya kuwasha mashine, ujue huyo ana haraka na hela yako.

*Umefaulu kama:* unashika sekunde 18 baada ya kutoa pumzi, mara tatu mfululizo, bila kuhema kama umekimbizwa.

Hatua ya 6: Kuchoma dawa kwa wakati wake

Wenzangu, tusogeleane.

Kanyula (kampira ka sindano kanakobaki kwenye mshipa) iwe ya pinki ikiwezekana, au ya bluu kwa mshipa mwembamba, ikae karibu na kiwiko na sio nyuma ya kiganja. Ijaribu kwa maji ya chumvi kabla. Kanyula iliyopasuka katikati ya kuchoma ndiyo mwisho wa zoezi la siku hiyo.

Kipimo cha dawa za kawaida ni 0.1 milimoli kwa kilo. Dawa ya nguvu ya milimoli 0.5 kwa mililita, mtu wa kilo 60 anapata mililita 12. Kuna iliyo na nguvu maradufu, hiyo ni nusu yake, kwa hiyo soma chupa usikariri. Kasi mililita 2 kwa sekunde, ifuate maji ya chumvi kama mililita 20 ya kuisukuma, maana dawa iliyobaki kwenye mpira haijamfikia mgonjwa.

Awamu zenyewe ziko hivi. Picha kabla ya dawa kwanza, usiiruke, tutaihitaji kupata picha ya tofauti (ya baada ya dawa ukiondoa ya kabla) pale ambapo kinundu kilikuwa kinang'aa chenyewe hata kabla ya kontrasti. Halafu awamu ya ateri ya mwishoni, kama sekunde 35 tangu kuanza kuchoma. Halafu ya vena ya lango, sekunde 60 hadi 80. Halafu ya mwisho, dakika 3 hadi 5.

Onyo: hizo sekunde 35 ni za mtu mwenye moyo mzima. Mzee mwenye moyo dhaifu damu yake inatembea polepole, ukipiga kwa saa tu utapiga ateri ikiwa bado tupu. Tumia kufuatilia dawa kwenye skrini, ukiiona inaingia kwenye aota (mshipa mkuu kutoka moyoni) juu ya tumbo ndipo unatoa amri ya pumzi na kupiga.

Kuna dawa nyingine, gadoksetati, inayoingia ndani ya seli za ini zenyewe na inaongezewa picha ya dakika 20. Seli nyingi za saratani haziichukui, basi kinundu kinabaki cheusi ini likiwa jeupe. Nzuri kwa vinundu vidogo. Ila ina ujanja wake: kipimo ni robo ya kile cha kawaida, baadhi ya wagonjwa inawakatisha pumzi ghafla kwenye awamu ya ateri hiyohiyo tunayoitaka, na mwenye manjano makali ini lake haliichukui vizuri, umepoteza hela. Tena kwa dawa hii kufifia kunahesabiwa kwenye awamu ya vena ya lango peke yake. Kwa mgonjwa ambaye pumzi yake ni ya mashaka mimi nabaki na dawa ya kawaida.

Hatua ya 7: Kagua kabla hajashuka kitandani

Fungua picha ya ateri, angalia vitu vinne. Ateri ya ini inang'aa. Vena ya lango imeanza kupata dawa. Vena za ini, zile tatu zinazopanda kwenda moyoni, bado nyeusi. Na wengu lina mistari mistari kama punda milia. Ukiona hivyo, umeipata.

Kama vena ya lango bado nyeusi kabisa, umewahi mno. Kama vena za ini zinang'aa na wengu limekuwa rangi moja, umechelewa. Kama kuna mawimbi juu ya ini, alipumua. Andika kwenye maelezo ya picha, usimfiche daktari anayesoma, kwa sababu ataona kinundu hakiwaki akadhani si kitu kumbe wewe ndiye uliyechelewa. Hilo la kumwambia mtu yuko salama kwa picha mbovu naliona baya kuliko hata LR-NC.

Picha za T2 na za disfusheni (aina nyingine za picha za MRI) zipigwe pia, zinasaidia kutofautisha hemangioma (uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani), jipu na mambo mengine, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya zile awamu.

Mgonjwa abaki na kanyula dakika 30 hivi nje. Vipele, kuwashwa, kifua kubana, aite mtu mara moja. Ni nadra ila inatokea. Akishamaliza ale, anywe maji, isipokuwa aliyekatazwa maji mengi na daktari wake.

Hatua ya 8: Isome ripoti, hata kama wewe si daktari

Ripoti ya maana inakuambia vinundu vingapi, sehemu gani ya ini (zina namba 1 mpaka 8), ukubwa kwa milimita, kama kiliwaka kwenye ateri, kama kilififia, kama kina ganda pembeni, na kama kuna uvimbe umeingia kwenye mshipa. Mwisho ina daraja la LI-RADS, mfumo wa kupanga vinundu vya ini kulingana na uwezekano wa saratani (ile LR-NC ni mojawapo):

- LR-1 na LR-2: si saratani, au karibu hakika si saratani
- LR-3: katikati, kwa kawaida picha inarudiwa baada ya miezi 3 hadi 6
- LR-4: yaelekea ni saratani, madaktari wa fani mbalimbali wakae pamoja waamue
- LR-5: ni saratani ya ini, usahihi wake ni zaidi ya 9 kati ya 10
- LR-M: yaelekea ni saratani lakini pengine si ile ya kuanzia kwenye ini, hapa kwa kawaida biopsi inaingia
- LR-TIV: uvimbe umeingia ndani ya mshipa

Kinundu chini ya milimita 10 hakiwezi kupewa LR-5 hata kiwake namna gani. Na madaraja haya ni ya mtu mzima mwenye hepatitisi B sugu, sirosisi, au aliyewahi kuwa na saratani ya ini. Kijana asiye na hata kimoja, kinundu chake kikiwaka bado anahitaji biopsi. Ndio maana nilisema lete majibu ya hepatitisi, bila hayo msomaji hajui atumie kanuni gani. Na watu wa ukingo wa ziwa Albert na mto Nile wenye kichocho cha ini, hayo makovu ya kichocho peke yake hayahesabiwi kuwa sirosisi, daktari aambiwe ni kipi.

AFP ikiwa ya kawaida usishangilie mapema, kuna saratani za ini ambazo haziipandishi. Na ikiwa juu bila picha, bado hujathibitisha kitu.

Hatua ya 9: Sidii

Ukienda Uganda Cancer Institute pale Mulago au kwa daktari yeyote wa ini, atataka picha zenyewe kwa mfumo wa DICOM, yaani faili kamili za mashine. Picha nne zilizochapwa kwenye karatasi hazimtoshi. Ifungue sidii palepale kituoni kwenye kompyuta yao, hesabu kama awamu zote zimo, kisha uombe nakala ya pili. Kinundu kilichoongezeka ukubwa kwa nusu au zaidi ndani ya miezi 6 au chini ya hapo ni alama kubwa, na hakuna anayeweza kuipima kama picha ya kwanza imepotea.

Andika juu ya sidii kwa kalamu ya maka: jina, tarehe, kituo, na dawa iliyochomwa. Nakala moja abaki nayo mgonjwa, nyingine akae nayo yule mtoto anayetunza hati za shamba.